Kanuni Haipaki Chokaa



Wazee wangu, ndugu zangu na wanangu wa Riyadh na Jeddah,

Awali ya yote naishukuru kamati ya Kitabu chetu cha Mwaka kwa kunipa kurasa hizi. Niliombwa niandike habari za safari za wazee wetu, na Inshaallah nitaziandika mwakani tukijaaliwa uhai. Safari hii naomba radhi nibadilishe maneno, kwa sababu lipo jambo limenikaa rohoni tangu Idi, na nikilinyamazia huenda likaamuliwa kabla halijasemwa.

Waliokuwapo kwenye chakula cha mchana cha Idi hapa Manfuha watakumbuka. Pilau lilikuwa limeshaondolewa, kahawa bado haijaletwa, ikatajwa nyumba yetu ya Malindi, Unguja. Mtoto mmoja wa ndugu yangu, kijana msomi na mwenye adabu zake, akasimama akasema kwa uchungu: "Nyumba ni ya babu zetu, lakini kubadilisha dirisha mpaka tuombe ruhusa. Aluminiamu marufuku, kuongeza ghorofa marufuku, hata baraza huwezi kuivunja upate mlango wa duka. Basi hii ni mali yetu au mali ya watalii?" Watu wakampigia makofi. Hapo ndipo jamaa zetu wa Jeddah walipotoa habari waliyokuja nayo: amepatikana mnunuzi. Anataka kuifanya nyumba hoteli, bei yake si mbaya, na sharti lake ni moja tu, akabidhiwe nyumba tupu, bila ya mtu ndani. Ikakubaliwa kwamba warithi wote wapige kura Mfunguo Mosi inayokuja.

Mimi siku ile nilinyamaza. Nilikuwa na sababu ya kunyamaza, na nitaieleza hapa bila ya kujificha. Rai yangu ni hii: kanuni za kuulinda Mji Mkongwe ni za haki, na hasira ya mwanangu yule nayo ina haki yake. Lakini anayezitetea kanuni na anayezilaumu wote wawili wanasahau kitu kimoja. Kanuni inaweza kumzuia mtu asiharibu. Haiwezi kumfanya atengeneze. Kanuni haipaki chokaa.

Nianze na kanuni zenyewe, kwa kuwa wengi wetu tunazilaumu na hatuzijui.

Mji Mkongwe una majengo zaidi ya 1,700 yaliyobanana juu ya rasi ndogo, na vichochoro vyake vyembamba mnavijua walio wakubwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na serikali, wakaingizwa ndani yake watu wa kutoka mashamba na mitaa mingine. Kodi ilikuwa ndogo na matengenezo yalikuwa hakuna. Nyumba zikaanza kuanguka, moja baada ya moja, kila masika. Mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na katika miaka hiyo hiyo ya 1980 serikali ikaanza kuwauzia watu baadhi ya majumba kwa sharti la kuyatengeneza. Mwaka 1994 ukatoka mpango kamili wa kuuhifadhi mji, uliofanywa pamoja na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni. Mwaka 2000 mji ukaingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia, na mwaka 2010 ikapitishwa sheria mpya ya uhifadhi.

Kwa maneno mepesi, yanayotakiwa ni haya. Majengo yenye thamani kubwa yameorodheshwa na kupangwa kwa madaraja. Hakuna kubomoa, kupandisha ghorofa wala kuubadili uso wa nyumba bila ya kibali, na uso wa nyumba ni pamoja na mlango, dirisha, roshani na baraza. Urefu wa jengo una mpaka. Na penye kuharibika patengenezwe kwa vile vitu vilivyojengea: mawe ya matumbawe, chokaa, udongo na boriti.

Mwanangu anauliza mali ni ya nani. Nyumba ni yetu, hilo halina ubishi. Lakini na yeye ajiulize, kichochoro ni cha nani? Ukuta wetu wa upande wa magharibi ndio huo huo ukuta wa jirani. Boriti zetu zimeuegemea na boriti zake zimeuegemea. Tukipandisha ghorofa ya zege juu yetu, mzigo tumembebesha yeye. Kile kivuli kinachofanya mtu aweze kutembea mchana wa Januari bila ya kuungua kichwa kinatokana na nyumba zinazotazamana na njia nyembamba katikati yake. Mmoja akibomoa ili apate maegesho ya gari, jua linawashukia wote. Baraza yetu ya nje tumeijenga sisi, lakini wamekaa juu yake watu wa mtaa mzima, wamezungumza, wamesuluhishana, wamesubiri maiti itoke. Kwa hiyo anayesema kanuni zinatunyang'anya mali amesahau kwamba na sisi tumekaa miaka mia katika kivuli cha majirani bila ya kukilipia.

Sasa nifike kwenye sababu ya kunyamaza kwangu.

Mnajua kwamba nilifanya kazi miaka 27 katika ghala ya mkandarasi wa ujenzi hapa Riyadh. Saruji niliijua kwa harufu. Mwaka 1998 masika yalikuwa makubwa Unguja, na marehemu shangazi yangu, aliyekuwa akikaa katika ile nyumba, akanipigia simu kwamba ukuta wa mbele kwa chini umemwagika plasta yake. Nikakusanya pesa, nikapeleka. Shangazi akaniambia amepita bwana mmoja wa ukaguzi, mtu mzima mpole, ameitazama kazi na amesema: "Bibi, nyumba hii ni ya chokaa, ipe chokaa." Mimi nikamjibu shangazi kwa kiburi cha mtu wa ghala: "Mwambie huku tunasimamisha maghorofa kwa saruji, yeye ananiletea habari za chokaa!" Kazi ikafanywa kwa saruji, siku ya Ijumaa, watu wakiwa msikitini, ili isionekane. Nikapelekewa picha. Ukuta ulinyooka kama umepigwa pasi. Nikazionyesha picha zile hapa Manfuha kila baraza niliyokaa.

Nisichokijua ni kwamba ukuta wa matumbawe unakunywa maji. Unayanywa kutoka ardhini, unayanywa kwenye mvua, na kwa kuwa umepakwa chokaa, unayatoa taratibu jua likiwaka. Chokaa inapumua. Saruji haipumui. Ukiupaka ukuta ule saruji umeuziba mdomo: maji yanabaki ndani, chumvi inapanda, udongo ulioshika mawe unalainika, na ncha za boriti zilizoingia ukutani zinaoza pahala ambapo hakuna jicho linaloziona. Kwa nje nyumba inameremeta. Kwa ndani inakuwa uji.

Ulidumu miaka 21. Masika ya 2019, jioni, kipande cha ukuta ule kilishuka chote juu ya baraza. Watoto wa mtaa huchezea pale kila siku alasiri. Siku ile walikuwa wameshaingia chuoni kusoma Kurani. Hiyo tu ndiyo tafauti baina yangu mimi na mtu aliyeua. Aliyenipigia simu ni mpangaji wetu wa chini, na hakunilaumu hata kwa neno moja. Alisema, "Baba, ukuta umeshuka, lakini hakuna aliyeumia, alhamdulillahi." Nilikaa kitako pale pale nilipokuwa.

Kwa hiyo mkinisikia nazitetea kanuni, msidhani nimesoma vitabu. Kanuni ilikuja mlangoni kwetu ikatwambia ukweli kwa upole, nikaitukana.

Sasa tutazame hapa tulipo, maana Mwenyezi Mungu ametuweka katika miji miwili yenye mafunzo.

Nianze na Manfuha. Vijana wetu wanaijua Manfuha ya maduka, ya chakula cha Kihabeshi, ya njia zilizojaa watu wa kila taifa. Wachache wanajua kwamba huu ulikuwa mji kamili, kusini ya Riyadh, kando ya Wadi Hanifa, wenye ukuta wake na mashamba yake ya mitende, na kwamba Al-A'sha, mshairi mkubwa wa zama za kabla ya Uislamu, alitoka hapa. Nilipohamia mwaka 1979 nilizikuta nyumba za udongo bado zimesimama katika vichochoro vya kale, na wapangaji ndani yake ni wageni kama sisi. Wenyewe walikuwa wameshahamia kwenye nyumba za zege. Riyadh ilikuwa inajengwa kwa mpango wa Doxiadis, yule Mgiriki, na mpango wake ulikuwa wa barabara pana zilizonyooka kwa ajili ya magari. Nyumba ya udongo inataka mkono kila mwaka: mvua ikipita, udongo mpya upakwe. Mwenyewe hayupo, mpangaji hana ruhusa wala hana sababu, basi nyumba inarudi kuwa ardhi. Vichochoro nilivyovijua mimi havipo tena. Sisemi tulikuwa peponi mle. Usiku wa mvua tulipanga masufuria sakafuni mpaka alfajiri. Nasema tu kwamba mji unaweza kwisha na wewe umo ndani yake, na usisikie kishindo.

Jeddah ni habari nyingine. Sisi tulipofika kutoka Unguja mwaka 1968, nami nina miaka tisa, tulipanga chumba Al-Balad, Haratu-l-Yaman. Mama yangu alisimama njiani, akatazama juu, akasema, "Mbona huku ndiko kwetu?" Nyumba za matumbawe, ndefu, za chokaa nyeupe, na mbele yake yale madirisha makubwa ya mbao yaliyotokeza nje. Baba akamwuliza mwenyeji yale yanaitwaje, akajibiwa: roshan. Mama akacheka sana. Alikuwa amevuka bahari kukutana na neno la nyumbani kwake, maana sisi tunasema roshani.

Mji ule nao ulikaribia kwisha. Ukuta wake ulibomolewa mwaka 1947, mafuta yakaleta neema, matajiri wakahamia kaskazini, majumba yao yakakodishwa chumba chumba kwa Waafrika, Wayemeni na watu wa Asia. Mwenye nyumba hatengenezi, mpangaji hana uwezo. Moto ukala mengine, mengine yakaanguka. Kilichouokoa ni kanuni. Katika miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980 meya wa mji, Mohammed Said Farsi, alikataza kubomoa ovyo. Wataalamu wa Kiingereza wakazihesabu nyumba za kale wakapata zaidi ya 500, wakazipanga kwa madaraja kama zilivyopangwa za Unguja baadaye. Mwaka 2014 Al-Balad ikaingia katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2019 zikatolewa riyali milioni 50 za kuzinusuru nyumba 56 zilizokuwa hatarini, na kazi imeendelea kukua tangu hapo.

Anayepita leo ataona kazi iliyofanywa kwa heshima. Mimi nilipita na wajukuu. Tulikaa mbele ya Nyumba ya Nasif, iliyomalizika 1881, ambamo Mfalme Abdulaziz alifikia mwaka 1925 alipoingia Jeddah. Roshani zimerejeshwa, njia zimetandikwa mawe, taa nzuri, mikahawa mizuri. Nikataka kuwaonyesha wajukuu nyumba tuliyokaa. Nikatafuta mtu wa kumwuliza. Nikapata walinzi, nikapata vijana wa mikahawani, wote wakarimu, na hakuna kati yao aliyewahi kulala mtaa ule. Kuta zimeokoka, Alhamdulillahi. Watu waliozijaza sauti wametawanyika. Na wengi wa jamaa zetu waliotoka Al-Balad walikwenda mitaa ya kusini ya Jeddah, ambayo nayo mingi ilibomolewa mwaka 2021 na 2022 katika kuupanga mji upya, wakafunga mizigo mara ya pili. Hili silisemi kwa kulaumu. Kila nchi na mipango yake. Nalisema ili tukumbuke sisi wenyewe utamu na uchungu wa kuambiwa nyumba inatakiwa tupu.

Basi Manfuha haikuwa na kanuni, mji wa kale ukaondoka na kuta zake. Jeddah ilipata kanuni, kuta zikabaki na wenyeji wakaondoka. Unguja bado ina vyote viwili. Mpaka leo ukipita Malindi au Kiponda asubuhi utasikia watoto wanasoma, utaona nguo zimeanikwa, utamkuta mzee barazani na kikombe cha kahawa. Milango ya nakshi inaweza kuchongwa mingine. Watu wa mtaa hawachongwi.

Nisije nikaonekana naimba sifa za kanuni tu. Mwanangu ana hoja, na mzee anayekataa hoja ya kijana kwa kuwa ni ya kijana hafai kusikilizwa.

Hoja yake ya kwanza ni kwamba kamba hukatikia pembamba. Mnyonge anazuiwa dirisha, na mkubwa anapata ghorofa. Hapa siwezi kumbishia sana. Hoteli kubwa iliyojengwa ufukweni Shangani ilileta mjadala uliofika mpaka kwenye Kamati ya Urithi wa Dunia. Na kamati ile haichezi: Dresden ya Ujerumani ilitolewa katika orodha mwaka 2009 kwa sababu ya daraja moja, na Liverpool ya Uingereza ikatolewa mwaka 2021 kwa sababu ya majengo mapya ya bandarini. Ikiwa nchi tajiri zimevuliwa heshima hiyo, Unguja haina kinga. Kanuni ambayo haimfungi mwenye nguvu, mnyonge ataiona ni uonevu, na akiiona ni uonevu ataivunja Ijumaa watu wakiwa msikitini, kama nilivyofanya mimi.

Hoja yake ya pili ni kwamba kanuni ni karatasi. Na hili pia ni kweli. Bet el Ajaib, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ndiyo nyumba inayojulikana kuliko zote, hakuna iliyolindwa kwa maandishi kuliko hiyo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ilianguka, tena wakati ikiwa katika matengenezo, na wafanyakazi wawili wakafa. Mwenyezi Mungu awarehemu. Karatasi zote zilikuwapo. Zilizokosekana ni zile mvua nyingi zilizopita huko nyuma ambazo zingalizuiwa mapema.

Rai yangu kwa wanaotunga kanuni, kama kitabu hiki kitawafikia, ni kwamba penye neno "usifanye" pawe na neno "tutakusaidia" karibu yake. Ukimwambia mjane asitie saruji, mwonyeshe pahala pa kupata chokaa nzuri iliyolowekwa ikaiva, kwa bei anayoiweza, na fundi anayejua kuipaka. Zamani dari la juu lilipigwa kwa siku nyingi na watu waliopanga safu, kila mtu na kigongo chake, wakiimba, mpaka likawa gumu kama jiwe na maji hayapiti. Waashi wa namna hiyo wamebaki wachache, na kila anayekufa anaondoka na kanuni nzima ambayo haikuandikwa. Na kibali cha kuziba dari linalovuja kisipimwe kwa mzani mmoja na kibali cha hoteli. Dari linalovuja halingoji kikao.

Lakini sasa, ndugu zangu, tuache kuwatazama wengine. Tujitazame sisi.

Warithi wa nyumba ya Malindi ni 23. Tupo Riyadh, Jeddah, Maskati, Mombasa na Uingereza. Tangu alipofariki babu hatujagawana wala hatujamteua msimamizi. Tuna kundi letu la WhatsApp ambamo kila masika zinaletwa picha za dari linalovuja, kila mtu anaandika "Inna lillahi", kisha yanarudi mazungumzo ya arusi. Kati ya warithi 23, waliowahi kulala nyumba ile hata usiku mmoja ni sita. Na sisi ndio tunaosema kanuni zinatuzuia kuitengeneza! Nani ametuzuia kusafisha michirizi? Nani ametukataza kupaka chokaa? Kibali kilichokataliwa ni cha aluminiamu. Kibali cha kuitunza nyumba hatujawahi hata kukiomba.

Hebu tufanye hesabu ya ghala, ambayo ndiyo ninayoijua. Kila mrithi akitoa riyali 30 kwa mwezi, ambazo ni chakula cha mchana cha watu wawili pale Bat'ha, tunapata riyali 690 kwa mwezi, na riyali 8,280 kwa mwaka. Fedha hizo hazijengi nyumba. Lakini kila mwaka zinatosha kumlipa mwashi na msaidizi wake kabla ya masika, kununua chokaa, na kubadilisha boriti mbili tatu zilizochoka. Tungelifanya hivyo tangu 1998, ule ukuta usingelishuka, na leo tusingelikuwa na mjadala wa kuuza.

Kuhusu mnunuzi, namwomba kila mpiga kura afikiri juu ya mtu mmoja, naye ni yule mpangaji wetu wa chini. Yule mama ni mshoni, amekaa mle miaka 31, kodi yake ni ndogo na sisi tunamwona kama mtu tunayemfadhili. Nani anamfadhili mwenzake? Yeye ndiye anayepanda juu usiku wa mvua kutazama maji yanapita wapi. Yeye ndiye anayewafukuza wanaong'oa misumari ya mlango. Yeye ndiye aliyepiga simu ukuta uliposhuka. Sisi 23 tuna majina katika karatasi za urithi, na nyumba imesimama kwa macho yake. Hakuna kanuni hata moja inayomtaja. Kanuni zimeorodhesha mlango, dirisha, roshani na baraza. Mtu anayeufungua mlango asubuhi hakuorodheshwa. Neno "tupu" katika sharti la mnunuzi maana yake ni yeye.

Mimi napendekeza hivi.

Kwanza, kabla ya Mfunguo Mosi tumteue wakili mmoja, kwa maandishi yaliyothibitishwa, mwenye mamlaka ya kuomba vibali na kusimamia mafundi, na atupe hesabu kila mwaka katika kitabu hiki hiki, waziwazi.

Pili, mchango wa riyali 30 uanze mwezi huu. Asiyeweza asemeshwe kwa siri na abebwe na wenzake.

Tatu, kazi ya kwanza iwe dari na michirizi, kwa kuwa adui wa nyumba ile ni maji. Kazi ya pili iwe kuibandua saruji yangu ya 1998 iliyobaki, na kuurudishia ukuta chokaa, kwa kibali. Gharama ya kubandua nitaibeba mimi, na naomba msinibishie katika hilo.

Nne, vijana wanaotaka nyumba izae fedha wasivunjwe moyo. Vyumba viwili vya juu vinaweza kutengenezwa na kukodishwa kwa wageni, kwa kibali na bila ya kuugusa uso wa nyumba, na mpangaji wa chini akabaki pahala pake. Kuhusu madirisha, naijua hoja ya mchwa. Mchwa walikula mbao rahisi tulizotia kwa haraka. Madirisha ya msaji aliyoyatia babu bado yanafungika.

Tano, na hili ndilo kubwa kwangu, kura isipigwe mpaka watu watano katika wale 17 ambao hawajalala nyumba ile wameenda kuilala, usiku mmoja tu. Nauli ya mmoja nitaitoa mimi, na ningependa awe yule mwanangu aliyesimama siku ya Idi. Alale chumba cha mbele, asikie watu wakipita kichochoroni kwenda alfajiri. Akirudi akisema tuuze, nitamwamini kuliko nilivyomwamini alipokuwa hajenda.

Kura yangu mmeshaijua: sikubali kuuza nyumba tupu. Lakini mkono wa wengi una baraka, na wengi wakiamua vingine sitamnunia mtu. Neno langu la mwisho ni kwa rika langu, tuliokwisha kuvuka miaka sitini. Tumezoea kuwasimulia watoto uzuri wa Unguja kama mtu anayesimulia marehemu. Unguja haijafa. Ina dari linalovuja, na ngazi ya kupandia ipo nyuma ya jiko.

Wabillahi tawfiq.

Ni mimi mzee wenu, Manfuha, Riyadh.